Jina Langu Chini ya Ukurasa

Jumatatu, 13 Juni 1910. Morogoro

Daftari hili alininunulia mama, Mombasa, akaniapisha niandike safari yangu ili nikirudi nimsomee. Hajui kusoma, lakini masikio yake hayapitwi na uongo. Basi mama, nitasema kweli, na pale nitakapojisifu univumilie.

Mimi Yunusi bin Ahmadi, miaka kumi na minane, mwaka wa pili huu nasoma shule ya Wadachi ng'ambo ya mpaka. Wenzangu huniita Mwingereza kwa kuwa kwetu wanatawala Waingereza. Mwanzo nilikasirika, sasa naitika.

Tumefika leo kwa gari la moshi, wanafunzi sita na mwalimu wetu, Bwana Kranz, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ngerengere gari lilisimama hata tukanunua ndizi, tukazila, tukanunua nyingine. Tulipopita Kingolwira Rehani alinionyesha milima dirishani, nikabisha kwamba ni mawingu. Amenicheka mpaka stesheni.

Rehani ni wa Pangani. Tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, na mwaka jana nilipougua homa alinilisha uji kwa kijiko kama mtoto. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa walimu wenyewe. Namba saba yake huikata kwa kijistari katikati, nami nimejaribu kuiga nikashindwa.

Bwana Kranz ametukusanya jioni akaeleza. Tutatembea Milima ya Uluguru kijiji kwa kijiji, tutapima kwa kamba na dira, tutauliza na kuandika: nyumba ngapi, maji wapi, mashamba gani, mwenyewe nani. Huu ndio mtihani wetu wa jiografia. Atakayefanya vizuri kupita wote atapata kazi ya ukarani.

Lukasi, kijana wa misheni ambaye hawezi kula bila kuuliza chumvi imetoka wapi, akanyoosha mkono: "Bwana, nani atayasoma tutakayoandika?"

"Mimi," akajibu Bwana Kranz. "Nani mwingine?"

Tukamzomea Lukasi kimoyomoyo. Kila siku yeye tu.

Jumanne, 14 Juni

Nimenunua penseli dukani kwa Fidahussein. Akauliza tunapanda mlimani kufanya nini. Nikasema kusoma. "Mlimani kuna nini cha kusoma?" akasema, akanipa penseli moja ya bure kwa huruma.

Alhamisi, 16 Juni

Kupanda. Miguu si yangu.

Ijumaa, 17 Juni

Kupanda tena. Ukungu. Mtu wa pwani kama mimi hajui kwamba baridi inaweza kuingia ndani ya meno. Rehani amenibebea mzigo nusu ya njia, huku ananiimbia wimbo wa kubembelezea watoto.

Jumapili, 19 Juni. Lusegwa

Kijiji hiki kimetundikwa ubavuni mwa mlima. Ukiangusha boga huku juu utalifuata mtoni. Chini migomba, katikati maharage na mahindi, juu mashamba mengine mpaka kwenye ukingo wa msitu. Bwana Kranz tumbo limemchafuka, kwa hiyo tunakaa hapa siku kadhaa.

Mimi na Rehani tumepewa kulala kwa Mzee Kobelo na mkewe, Bibi Mwaisha. Mzee ni mwembamba, mcheshi, hana meno ya mbele. Bibi ni mfinyanzi. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba, kisha akanitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Huyu ndiye mume niliyekuwa namngoja," akamwambia mzee. "Wewe sasa tafuta pa kulala."

"Mchukue," mzee akasema, "lakini hajui kulima. Tazama mikono ile, kama ya bi harusi."

Nikacheka mpaka togwa ikanipalia. Kwetu nako bibi humwita mjukuu mume, lakini sikutegemea kuozwa siku ya kwanza, mbali hivi na kwetu. Tangu saa ile hajaniita jina. Ni mume wangu njoo ule, mume wangu umenawa, mume wangu hodari wa kusinzia.

Jumatatu, 20 Juni

Ukungu kutwa. Hatukupima kitu. Bibi amenifundisha kukanda udongo. Nimefinyanga chungu, akasema ni kofia.

Jumanne, 21 Juni

Leo nina mengi.

Asubuhi ukungu ulifunguka. Bwana Kranz, angali kitandani, alitupa amri: "Muulizeni mwanamume wa kila nyumba. Shamba ni lake au si lake. Andikeni anachojibu, msiongeze lenu. Wanawake hawaandikwi." Mimi na Rehani tukapewa upande wa juu. Yeye anashika kamba, mimi naandika.

Tulianza na mwenyeji wetu. Tulimkuta kwenye shamba la juu, amejiegemeza kwenye jembe.

"Mzee," nikamuuliza, "shamba hili ni lako?"

"Langu?" Akacheka kwa ufizi wote. "Silo langu, mwanangu. Mimi mgeni hapa."

"Mgeni tangu lini?"

"Ah! Tangu hata huyo Mdachi hajazaliwa. Watoto saba nimewapata hapa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza, na mpaka leo sijalitua."

Nikaandika: hakuna mwenyewe. Nyumba ya pili mwanamume akasema si langu. Ya tatu, si langu, mimi nimekuja tu. Mpaka adhuhuri nyumba kumi na mbili, na kumi na moja wamejibu hivyo hivyo. Rehani alikaa chini kwa kicheko. "Kijiji cha wageni watupu! Wenyewe wamekwenda wapi?" Nami nikacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, na nikaendelea kuandika hakuna, hakuna, hakuna.

Alasiri nikamsimulia bibi ili naye acheke. Alikuwa anapandisha mdomo wa chungu. Mikono ikasimama.

"Mmemuuliza nani?"

"Wanaume wa kila nyumba."

"Wanaume wa kila nyumba ni waume zetu, wameletwa na ndoa. Sasa mgeni atasema shamba ni lake? Mtu akisema hivyo hapa tutamfukuza, mwizi huyo! Ardhi ni ya lukolo, ya ukoo wa mama. Mimi lile la juu nimelipata kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Msemaji wetu ni kaka yangu Lukwele, na yuko Kisaki, amekwenda msibani. Kwa nini hukuniuliza mimi? Nimekaa hapa kutwa!"

Nikasema Bwana ameamrisha wanawake wasiandikwe.

"Basi nenda kamuulize mama yangu. Amelala pale juu, penye mti. Labda maiti wanaandikwa."

Hapo hakuwa anatania.

Nimeona haya, mama. Sisi kwetu mtoto hufuata kwa baba, na nyumba ni ya baba, basi nikadhani dunia nzima ndivyo. Wale wazee walinijibu kweli tupu, nami kweli yao nimeiandika ikawa uongo.

Jumatano, 22 Juni

Alfajiri bibi alinipandisha mpaka kwenye kaburi la mama yake. Akanionyesha miti minne ya mpaka, mmoja mmoja, na nani aliipanda, na chemchemi ambayo haikauki hata kiangazi kikizidi. Akasema mashamba ya chini yamechoka. Hili la juu ndilo linalowalisha mwezi wa njaa. Hulifyeka mwishoni mwa kipupwe, hulichoma, na mvua za vuli zikigusa tu hupanda.

Niliketi pale pale juu ya jiwe, nikaandika katika kitabu cha kupimia ukurasa mzima: shamba la juu, Lusegwa, ni la Mwaisha na lukolo lake, limetoka kwa mama zake, msemaji Lukwele, yuko Kisaki, ataulizwa akirudi. Kisha nikashuka nyumba zile kumi nyingine zilizojibu si langu, nikauliza upya, safari hii wanawake, nikaandika zote nyuma ya ukurasa huo. Ile "hakuna" ya jana nikaandika pembeni: tazama mbele.

Nilimsomea bibi. Akasema sawa.

"Kitabu chako kitasema hivyo huko mnakokipeleka?"

"Kitasema hivyo, bibi."

"Umeniahidi, mume wangu?"

"Nimekuahidi."

Akapaka kidole gumba udongo wa chungu, akakibandika chini ya maandishi. Alama ikakauka nyekundu. Akasema hiyo ndiyo sahihi yake, na kwamba nisiipanguse.

Rehani alipouona ukurasa alipiga mluzi. "Umemwandika mwanamke. Bwana atakula kichwa chako." Lakini akasema nimefanya vyema. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Alhamisi, 23 Juni

Tumeondoka Lusegwa. Bibi amenipa kile chungu changu kinachofanana na kofia, amekichoma kwa siri pamoja na vyake. "Nenda, mume wangu. Ukioa mwingine nitasikia."

Ijumaa, 24 Juni

Naandika kwa kushoto. Nimeteleza mtoni, mkono wa kulia umeteguka kifundo. Chungu kizima. Kitabu kizima, nilikiinua juu.

Jumapili, 26 Juni

Kushoto. Mkono umevimba.

Jumanne, 5 Julai. Morogoro

Tumerudi mjini. Tunakaa nyumba ya nyuma ya boma mpaka kazi iishe. Kila kitabu kinakiliwa safi kwenye karatasi kubwa, na jozi ya wapimaji hutia sahihi chini. Mimi siwezi kushika kalamu. Rehani amesema ataandika vyote viwili, changu na chake. "Wewe lala ule. Rafiki ni wa nini?"

Mungu amlipe.

Jumapili, 10 Julai

Baridi. Rehani anaandika mpaka vidole vinamganda. Namchemshia chai.

Jumamosi, 16 Julai

Siku ya sahihi. Lukasi ametutia aibu tena. Alikataa kutia sahihi mpaka asome mstari kwa mstari, Bwana Kranz akamsimamisha juani saa nzima. Naye akasoma huko huko juani, karatasi ameiinua mbele ya uso, midomo inacheza. Tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza.

Zamu yetu ilipofika Rehani alinishikia karatasi isiteleze, maana nilitia kwa mkono wa kushoto. "Hapa tu, chini," akasema. Nikaandika Yunusi bin Ahmadi, herufi zimelala kama walevi. Yeye akaandika jina lake kando, zuri kama la kitabu.

Nilimuuliza, "Ule wa Lusegwa umo?"

"Kila kitu kimo," akasema.

Jumatano, 3 Agosti

Rehani amepata kazi. Karani wa misitu! Bwana Kranz ametangaza wakati wa chakula. Nilimkumbatia. Alikuwa ananitazama bega badala ya uso, nikadhani anaona haya kwa kunishinda.

Ameondoka jioni hii na wapimaji wa msitu. Amenirudishia kitabu changu, kimefungwa kwa uzi na mafundo mawili. Nimekiweka chini ya sanduku.

Alhamisi, 18 Agosti

Kuchora ramani. Mkono umepona nusu.

Ijumaa, 2 Septemba

Kuchora ramani. Milima imekuwa ya kijivu kwa moshi. Watu wanachoma mashamba. Kila asubuhi natafuta upande wa Lusegwa.

Jumanne, 6 Septemba

Ramadhani. Fidahussein amenitumia tende.

Jumamosi, 24 Septemba

Nilikwenda dukani kununua wino. Fidahussein aliniambia jana walishuka watu wa juu, wanawake watatu na mzee mmoja, wakanunua chumvi, wakamuuliza kama anamjua karani mwenye kusoma barua za serikali. Wana habari kwamba mashamba yao ya juu yameingizwa msitu wa serikali. Akida wa serikali amewasomea: hakuna kufyeka, hakuna kuchoma, hakuna kupanda, kwa sababu kitabu kimesema mashamba hayo hayana mwenyewe.

"Watu wa wapi?" nikauliza.

"Lusegwa, nadhani. Wewe si ulikwenda huko?"

Nilirudi bila wino. Nikavuta kitabu chini ya sanduku, nikafungua mafundo yale mawili kwa meno. Hakuna, hakuna, hakuna, zote zipo kama nilivyoziandika. Yale maneno yangu ya pembeni, tazama mbele, yamefutwa kwa mpira. Nikatazama mbele. Ukurasa haupo. Umekatwa kwa wembe, sawasawa, bila kuacha hata uzi, kama afanyavyo mtu mwenye mkono mzuri. Kwenye mshono wa kitabu zimebaki chembe za udongo mwekundu.

Mama, nimekaa na chembe hizo kiganjani mpaka wakaadhini magharibi. Sikufuturu.

Jumapili, 25 Septemba

Nimekwenda kwa Bwana Kranz. Nimemwambia sahihi yangu imewekwa chini ya uongo. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alifuta miwani.

"Nilikwambia uandike anachojibu mwanamume. Umeandika vizuri. Kwa nini unataka kuharibu kazi yako mwenyewe?"

Nikasema alituambia ni mtihani, na kwamba msomaji ni yeye tu.

"Nimesoma mimi. Kisha nimewapa wengine wasome. Nakala safi imekwisha kwenda, Yunusi. Wewe ni mgeni hapa. Haya si mambo ya kwenu."

Jioni nilimkuta Lukasi anafua shati. Nikamwambia yote. Nilingoja aniambie "nilisema". Alikamua shati, akalitundika, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Oktoba. Idi

Rehani amekuja mjini kwa Idi. Kofia mpya yenye alama ya tai, viatu vya ngozi vinavyolia. Alinifungulia mikono ili tupeane mkono wa Idi. Nikamwonyesha kitabu kilipokatwa.

"Ukurasa uko wapi?"

Hakuuliza ukurasa gani. Alikaa kwenye ngazi, akavuta soksi.

"Nilimpelekea Bwana ule ukurasa. Kweli nilimpelekea, Yunusi, wallahi. Nilimsomea wote. Akasema mwanamke si mwenyewe, na mwanamume asiyekuwepo si mwenyewe, na kwamba ukurasa huo utachafua kazi. Akanipa wembe."

"Na wewe ukaukata."

"Ungefanya nini wewe?"

"Ningemwambia rafiki yangu!"

"Ningekwambia usingetia sahihi," akasema, taratibu, kama ananifundisha hesabu. "Na bila sahihi za watu wawili kazi isingepokewa. Mimi sina baba wa kunitumia nauli kama wewe. Wewe utarudi kwenu Mombasa. Mimi hapa ndipo kwetu."

"Uliniambia kila kitu kimo."

"Kilichotakiwa kimo." Kisha akaniinulia macho, yale yale aliyonitazama nayo akinilisha uji. "Nimekusemea kwa Bwana. Kuna nafasi ya pili ya ukarani. Tutakaa pamoja tena."

Hapo nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa mkono huu huu mbovu, na nadhani kofi liliniuma mimi kuliko yeye. Hakunirudishia. Aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akaenda msikitini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu nimeuandika darasani mara hamsini kwa adhabu ya mwandiko mbaya, na aliyenikosoa mwandiko ndiye yeye. Namchukia. Najichukia pia, maana nilijua kusoma, macho mazima, karatasi mbele yangu, na sikusoma.

Kesho napanda mlimani peke yangu. Lukasi amenipa mkate na blanketi lake. Chungu nakiacha hapa. Sina uso wa kwenda nacho.

Jumapili, 9 Oktoba. Lusegwa

Nimefika jana adhuhuri. Kote njiani miteremko ilikuwa imeungua, myeusi, tayari kwa mvua. Lusegwa tu haikuwa na moshi. Shamba la juu limefyekwa, majani yamelala makavu, hakuna aliyethubutu kuyawasha. Kwenye miti minne ya mpaka hakuna kitu. Mawe ya serikali yamepita chini kabisa, karibu na nyumba, kaburi na chemchemi vimebaki ndani ya msitu. Mawe yamepakwa chokaa na kuandikwa namba. La kwanza nililolikuta lilikuwa na saba, na saba hiyo ina kijistari katikati. Nililitambua kabla sijalisogelea.

Bibi alikuwa uani anapepeta maharage. Mzee Kobelo ameketi kwenye kinu kilicholazwa, jembe miguuni. Pembeni mwanamume mrefu ambaye sikuwahi kumwona. Nikajua ndiye Lukwele, kaka yake, amerudi kutoka Kisaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Nikakaa. Nikawaeleza tangu mwanzo, mkono, mto, karatasi, wembe. Niliongea haraka, kwa Kiswahili cha kwetu, mpaka Lukwele akainua kiganja.

"Kijana, pumzika kidogo. Akida alitusomea majina. La mwisho lilikuwa Yunusi bin Ahmadi. Tukasema, yule wa kwa Mwaisha? Akasema huyo huyo. Jina hilo ni la nani?"

"Ni langu."

"Uliliandika kwa mkono wako?"

"Wa kushoto," nikasema.

Mzee Kobelo, anayecheka hata akijikwaa, hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyesema silo langu. Kila siku najiuliza, ningesema langu, ningekuwa mwizi, lakini watoto wangekula." Bibi akamshika goti, akamwambia anyamaze, hana kosa.

Ndipo nilipotoa daftari hili. Nikasema ule ukurasa umekatwa, lakini maneno ninayo, niliyaandika siku ile ile. Bibi akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilisoma siku ya tarehe ishirini na moja na ya ishirini na mbili, chungu, kicheko cha wageni watupu, mama yake penye mti, miti minne, chemchemi, kidole cha udongo, na umeniahidi, nimekuahidi. Sikuruka kitu. Nilipofika kwa mama yake aliweka ungo chini.

"Ndivyo nilivyosema," akasema bibi nilipomaliza. "Hukukosea hata neno."

Nikapata moyo. Nikamwambia nitayapeleka bomani, nitayanakili, nitawapa wote.

"Mwanangu," akasema, "haya maneno yangu umejiwekea wewe. Yale mengine umewapa wao."

Kisha akarudi kupepeta.

Nimelala kwao, kwa kuwa mgeni hafukuzwi. Asubuhi alinipa togwa. Alinipa kwa mikono miwili, kibuyu kimefutwa vizuri, kama anavyopewa mtu wa akida. Alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja. Nilisimama pale zaidi ya inavyopasa, najifunga viatu vilivyokwisha kufungwa, nikingoja aniambie nikioa mwingine atasikia.

"Nenda salama," akasema.

Hakunitania.

Jumatatu, 17 Oktoba. Morogoro

Nimeandika barua tatu bomani. Moja imerudi haijafunguliwa. Lukasi amezitia sahihi pamoja nami, zote tatu, baada ya kuzisoma mara mbili.

Jumatano, 26 Oktoba

Nimeaga shule. Bwana Kranz amesema ni hasara.

Jumatano, 2 Novemba. Ngerengere, ndani ya gari la moshi

Mvua ya vuli imeanza leo. Ilianza juu milimani, nimeiona dirishani ikishuka, kisha ikatupata hapa stesheni. Watu wote wanashangilia, hata mwuza ndizi ameacha ndizi zake zinyeshewe. Chungu changu nimekipakata.

Mama, nikifika nitakusomea yote kama nilivyoahidi. Nakujua. Utasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha utaniuliza swali moja tu: huyo bibi amepanda wapi mwaka huu?